Kibuyu Nilichokikataa

Bwana asifiwe, hata na sisi tuliosimama hapa tukiwa na hasira!

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ni Mutheu, yule mnayesema chuo kikuu kilimharibu kwa maswali. Leo nisikilizeni.

Mimba yangu ilipofika miezi sita, kliniki waliniambia nina kisukari cha ujauzito. Nipunguze vitamu, nijidunge insulini, nitoboe kidole nipime damu kila baada ya kula. Nisipofanya hivyo, mtoto angeweza kufia tumboni.

Halafu mkaja. Kina mama wa kanisa hili, mkapanda milima ya Mbooni na vibuyu vya uji, kama ilivyo desturi yetu kwa mjamzito. Uji mtamu ajabu! Niliposema nina kisukari, mmoja wenu akacheka: "Kisukari? Kwani wewe ni mzee kama nyanya yangu?" Mwingine akaukemea ugonjwa kwa sauti kuu, kisha akanimiminia kikombe. Ulikuwa unakemea nini, mama, huku unamimina?

Nikanywa. Mama mkwe naye, ninayemwita Mwaitu, yaani mama, akaleta chake, nikanywa. Ninyi mnajua kwa nini. Kwetu ukikataa kibuyu cha mama mkwe, umemwita mchawi mbele ya watu.

Asubuhi moja mtoto hakucheza. Nilingoja, nikajilaza ubavu, nikamwita. Kimya! Boda boda ikanifikisha hospitali. Sukari ilikuwa imepanda vibaya. Walipousikia moyo wa mtoto ukipiga, nililia kama mtu aliyepigwa. Hapo kitandani nikaomba, na niliomba kwa hasira: "Mungu, kama upo, sitaki malaika. Nipe mdomo wa kukataa."

Niliporudi nyumbani, mkaja tena na vibuyu. Mama mkwe akaninyooshea kikombe mbele yenu wote.

"Mwaitu, sinywi."

Mkatazamana, vikombe mkononi!

"Unaniogopa?" akauliza. "Nimekuwa mchawi sasa?"

"La, Mwaitu. Naogopa kumzika mjukuu wako."

Alinitazama. Kisha akakinywa kile kikombe chote yeye mwenyewe, akapangusa mdomo, akawageukia. "Mmeona? Uji wangu hauna uchawi, ila una sukari. Sasa atakayemletea msichana wangu sukari tena, tutakutana langoni!"

Na mlikutana naye. Mnakumbuka.

Ndugu zangu, mtoto ndiye huyu, Mumo, analia kwa sababu mamake anapiga kelele. Sukari yangu imeshuka, na bado naenda kupimwa. Maswali ninayo mengi, hata kwa pasta. Lakini hili silibishi: niliomba mdomo nikapewa, na juu yake nikaongezewa Mwaitu. Asante, Bwana!

Na wewe dada mjamzito uliyeketi pale nyuma, unayemeza usichotaka ili usionekane mbaya: mtegemee Mungu, na kliniki usikose. Ukifika nyumbani ukakosa mdomo, niite. Nitakuja na wangu, na Mwaitu nitamleta.