Droo ya Chini ya Mama Mukarugwiza

Kuna sauti moja ambayo haijanitoka masikioni tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu: droo ya chuma ikikwaruza reli yake, ikigonga mwisho, kisha ufunguo ukizunguka mara mbili. Droo hiyo iko katika ofisi ya taaluma ya shule yetu hapa Kimihurura, Kigali. Mkono ulioifunga ni wa Mama Mukarugwiza, karani wetu wa taaluma, anayestaafu tarehe 10 Julai baada ya miaka ishirini na minane ya utumishi. Ndani yake, siku ile, kulikuwa na faili langu.

Yeye mwenyewe ameomba wasifu huu uandikwe kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza, alisema, sifa zote zinasikika kama barua ya kuombea chuo.

Mama Mukarugwiza alikulia Ngara, Tanzania, akarudi nyumbani Rwanda na cheti cha uhazili na vidole vyepesi. Aliajiriwa Februari 1998 kama mpiga chapa. Lugha ya kufundishia ilipobadilika kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, alitumia likizo mbili kuandika upya matokeo ya wanafunzi wote, kamusi ikiwa magotini, na mpaka leo hakubali kwamba alikosea hata alama moja. Mwalimu Kiprotich wa fizikia anadai alikosea moja. Wamebishana juu yake kwa miaka mingi na bado wanakunywa chai pamoja.

Lakini sifa yake kubwa ni barua za mapendekezo. Walimu walimpa maneno, yeye akayapunguza. Barua zake zina sentensi nne, na ya nne ni kasoro ya mwanafunzi. Kuhusu Mugenzi, ambaye sasa ni mhandisi, aliandika: “Huchelewa kuanza, lakini hajawahi kuacha kitu katikati.” Wazazi walilalamika. Vyuo havikulalamika, viliendelea kuchukua watoto wetu, kwa sababu vilijua kwamba Kigali kuna mama mmoja asiyetia chumvi.

Sasa nifike kwenye faili langu, maana nimelizunguka vya kutosha.

Nikiwa kidato cha kwanza nilisikia kwamba kuna chuo ng’ambo kinachochukua mwombaji mmoja kati ya ishirini. Nikaamua kuwa huyo mmoja. Nilianzisha Klabu ya Uongozi, nikawa mwenyekiti, katibu na mwanachama wake pekee, na kila Jumamosi niliandika muhtasari wa kikao unaoanza na maneno “akidi imetimia.” Kazi ya kumsaidia bibi yangu kuvuna maharage shambani kwake Ndera niliiita mradi wa usalama wa chakula. Mwalimu Kiprotich alikuwa akinikuta kwenye ngazi na kuniuliza, “Mwenyekiti, leo wajumbe wameitikia?” Nilimjibu kwamba ndiyo. Sikuona kichekesho chochote.

Nilipofika kidato cha pili nililibeba faili lenye hayo yote kwa mikono miwili hadi ofisini, nikaomba lipigwe muhuri. Mama Mukarugwiza alilifungua, akasoma kurasa tatu, akanitazama juu ya miwani. “Mwana wanjye,” akasema, yaani mwanangu, “hili faili limechoka. Liache lipumzike hapa. Urudi kidato cha tano. Sasa nenda kacheze.” Kisha ile sauti. Nililia chooni, nikarudi darasani, nikaanza faili la pili. Hilo nalo alilifungia.

La tatu nilikosa nguvu ya kulianza. Kwa kuwa Jumamosi zilikuwa zimebaki tupu, nilienda Ndera bila mradi. Nilichoka kuona fukusi wakitoboa maharage ya bibi, nikaanza kuyachanganya na majivu, gunia moja majivu ya mikaratusi, jingine ya migomba, na kuhesabu matundu. Miaka mitatu baadaye, insha niliyoandika kuhusu fukusi hao ndiyo kitu pekee nilichoulizwa kwenye usaili wa chuo kile. Nilichukuliwa. Sentensi ya nne kwenye barua yangu ilisema: “Hajui kupumzika, lakini anafundishika.”

Nusu ya pili ya sentensi hiyo ndiyo kosa pekee ninaloweza kuthibitisha dhidi ya Mama Mukarugwiza. Maana nilipomaliza chuo na kuajiriwa hapa ili nirithi kiti chake, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandika Mpango wa Mwanzo wa Mapema: watoto wote wa kidato cha kwanza, kila Jumamosi asubuhi, wakijenga mafaili. Mkuu wa shule aliukubali. Wazazi arobaini na mmoja walijaza fomu. Mama Mukarugwiza aliniuliza swali moja tu, kwamba watoto hao watacheza voliboli lini. Nilimjibu, kwa fahari, kwamba voliboli ina safu yake kwenye fomu. Alikunywa chai yake yote, akainuka kwenda kuosha kikombe.

Wiki iliyopita alinikabidhi funguo. Nilifungua droo ya chini nikakuta mafaili kumi na saba ya miaka yote ile, yangu mawili yakiwa juu. Kwenye jalada la kwanza ameandika kwa penseli: “Hajacheka tangu Januari. Arudi kidato cha tano.”

Ijumaa ya wiki hiyohiyo alikuja Shimwa wa kidato cha kwanza, amekumbatia faili. Alitaka kujua kama kumlea mdogo wake kunaweza kuandikwa kuwa huduma kwa jamii. Nilifungua mdomo nimsifu. Nilikuwa na safu ya jambo hilo kwenye fomu. Nikamwuliza badala yake huyo mdogo anaitwa nani, naye akaangalia kwanza ndani ya faili.

Mama Mukarugwiza, kwa desturi yako nataja kasoro yako katika sentensi ya mwisho ya sifa: hukuwahi kutueleza sababu, ukatuacha tuigundue kwa uchungu. Asante kwa kila muhuri, na zaidi kwa mihuri ile uliyokataa kupiga. Shamba lako la Masaka, unakokwenda kupumzika, likupe asubuhi zisizo na foleni mlangoni, chai isiyopoa, na Mwalimu Kiprotich aje huko kubishana nawe uso kwa uso.

Jumatatu nilimwandikia mkuu wa shule barua ya sentensi nne kuondoa mpango wangu. Ya nne ni kasoro, na ni yangu. Fomu arobaini na moja zimerudi kwa wazazi. Shimwa amekasirika, hanisalimii. Faili lake liko kwenye droo ya chini, na ufunguo nimeuzungusha mara mbili.