Naeku Lesiamon, Mtunza Seva za Zahanati (1986–2025)

Marehemu Naeku Lesiamon alizaliwa tarehe 14 Machi 1986 huko Olbalbal, mtoto wa tatu wa Mzee Lesiamon Parmuat na Mama Soila. Alisoma msingi Endulen na sekondari Karatu, kisha akahitimu shahada ya kompyuta Dar es Salaam mwaka 2010. Mama yake husema, "Huyu alifungua redio ya baba yake kabla hajajua kusoma. Tulijua imekufa. Akaifunga, ikaimba."

Mwaka 2014 aliajiriwa Karatu kutunza seva, yaani kompyuta kuu zinazohifadhi kumbukumbu za wagonjwa, za vituo kumi na tisa vya afya, kuanzia Mang'ola hadi Oloipiri. Kila seva ilikuwa imepangwa kwa mkono, na kila moja ilikuwa na ukaidi wake. Naeku akaandika moduli, yaani maelekezo ambayo seva zote huyasoma na kujipanga zenyewe, bila fundi kusafiri.

Tarehe 12 Desemba 2015 alifunga ndoa na Bwana Thadei, mwongoza watalii. Walijaliwa watoto wawili.

Asubuhi ya tarehe 13 Aprili 2021, moduli aliyokuwa ameiboresha ilitoka na mstari mmoja wenye kosa. Seva zikaanza kujifungia moja baada ya nyingine, hata yeye hakuweza kuingia. Saba zilishafungwa. Zamu ya Mang'ola kuisoma moduli hiyo ilikuwa saa nne kamili. Zilibaki dakika nne. Pale, muuguzi Blandina alikuwa na mama aliyetoka kujifungua, damu haikatiki, na kumbukumbu zake zote zilikuwa ndani ya seva.

"Dada Blandina, chomoa waya wa mtandao, moduli isifike kwenye seva yako. Ule wa bluu."

"Naeku, nina mgonjwa hapa!"

"Ndiyo maana nakupigia. Chomoa sasa hivi, nakuomba!"

Blandina alichomoa. Yule mama aliletwa Karatu na kundi lake la damu likiwa limenakiliwa kutoka kwenye seva hadi kwenye karatasi. Alipona.

Mkuu wa kazi alidhani ni hitilafu ya umeme. Naeku alisimama kikaoni akasema, "Si umeme. Ni mimi." Alizunguka vituo saba kwa siku tatu katika matope ya masika, akifungua seva moja moja. Tangu hapo, hakuna moduli iliyotoka mezani pake bila kujaribiwa kwanza kwenye mashine ya pembeni, kisha kituo kimoja, ndipo vingine.

Agosti 2024 aligundulika kuwa na kansa ya ini, akatibiwa Moshi. Akiwa kitandani alimfundisha kazi mwenzake Silvanus. "Dada, pumzika," Silvanus alimsihi. "Kwanza seva ziende bila mimi," alimjibu. Tarehe 9 Juni 2025 Silvanus alitoa moduli mpya peke yake. Naeku hakugusa kompyuta. Alishika mkono wa mumewe, akingoja. Kituo cha kumi na tisa kilipoitika, alisema, "Haya," akafumba macho. Alifariki tarehe 11 Juni, saa moja asubuhi.

Ameacha mume, watoto Witness na Piusi, wazazi wote wawili, na ndugu wanne.

Mungu ampe pumziko alilolichelewesha kwa ajili yetu.