Shingo ya Kuvutwa

Fundi cherehani hakuweza kugeuka kuwatazama wabishi waliokaa nyuma yake kwenye basi. Shingo ilikuwa imekakamaa kama mpini wa jembe. Masikio, hata hivyo, yalikuwa mazima.

"Sivutwi shingo!" alisema mama mmoja. "Kwani mimi mbuzi?"

"Hospitali hawanyongi mtu, mama," alijibu jirani yake, mpaka rangi wa nyumba. "Unalala chali, wanakuvisha mkanda kidevuni na kisogoni, mashine inavuta taratibu, inaachia. Mimi nilikoroma mpaka wakaniamsha."

"Ukapona?"

"Nikapata nafuu, nikajiona kijana. Siku hiyohiyo nikapanda ngazi kumalizia dari. Maumivu yakarudi na ndugu zake. Ndiyo naenda tena."

"Si unaona!" Mama alicheka, kisha sauti ikashuka. "Lakini ulilala kweli, mwanangu? Mimi nikijilaza tu, mkono unakufa ganzi. Nakesha nikisikiliza wajukuu wanavyokoroma."

Fundi akafumba macho. Naye alikuwa amesahau utamu wa mto.

Basi liliposimama hospitali, mama alitangulia kushuka, huku bado akiapa kwamba havutwi. Kituo cha fundi kilikuwa mbele zaidi. Akageuza mwili mzima, kama kabati linalohamishwa, akamwambia kondakta, "Ngoja, nashuka hapahapa."