Mama Jicho, Aliyechanganya Rangi kwa Macho Matupu (1952–2022)

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Aprili 1952, mtoto wa tatu kati ya saba, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya tanuri la matofali. Baba yake alikuwa mwashi na mama yake fundi cherehani. Kati ya hao saba wamebaki wawili: kaka yake mkubwa, na mdogo wake wa kike, ambaye ndiye aliyeandika haya na ndiye anayeyasoma.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1960 hadi 1967. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, na hesabu zilimpiga chenga mpaka siku ya mwisho. Ila kipaji chake kilijitokeza mapema. Watoto wengine wakitumwa dukani kununua uzi walipewa kipande cha kitambaa cha kulinganishia. Yeye alikitazama kitambaa mara moja, akaenda mikono mitupu, akarudi na uzi ule ule. Siku moja mwenye duka akamtega. Akampangia nyuzi nne za buluu zinazofanana kama pacha, akamuuliza, "Haya binti, upi wa mama yako?"

"Hakuna. Huu wa tatu ndio wenyewe, lakini umepigwa jua. Mzima uko kwenye boksi la juu."

Mwenye duka akacheka, akapanda ngazi, akashuka na uzi wenyewe.

Alifaulu kuendelea na masomo, lakini ada ilikuwa ya mtoto mmoja, na mtoto huyo akawa kaka. Hakuna aliyemuuliza. Hakulalamika, na hapo alikosea: angeanza kulalamika mapema, angekuwa amezoea.

Mwaka 1969 aliajiriwa katika duka la vifaa vya ujenzi, kufuta rafu na kufunga misumari kwenye karatasi. Hapo alimkuta mbeba saruji mmoja aliyeongea kuliko alivyobeba. Kijana huyo aliweza kumuuzia ngazi mtu aliyekuja kununua bawaba. Mafundi walimwita Tupatane, kwa kuwa hakuna bei aliyokuwa akiitaja bila kumalizia na neno hilo. Kumposa hakumposa kama watu. Alimwambia, "Wewe una macho, mimi nina mdomo. Tukiviunganisha tumepata kichwa kizima."

"Na akili italetwa na nani?"

"Hiyo tutaazima."

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Agosti 1973, wakajaliwa watoto wanne.

Duka lao lilianza Machi 1976 likiwa meza moja barazani, na rangi waliipima kwa chupa za jamu kwa watu wasioweza kununua kopo zima. Miaka sita baadaye walipata chumba chenye mlango wa chuma, kisha vyumba viwili, kisha jengo lile ambalo kila fundi aliyepo hapa ameliegemea. Mumewe alikaa mbele, yeye nyuma. Mbele kelele, nyuma ndoo, vijiti na mwanga wa dirisha la upande wa jua. Hakuwa na mashine wala kitabu. Alichanganya, akapaka kwenye kipande cha mbao, akakiweka dirishani, na mteja akihimiza alijibiwa, "Rangi mbichi ni mwongo. Subiri ikauke ndiyo uniulize."

Mtu akileta kibanzi cha ukuta na kusema anataka kama hicho, marehemu alimuuliza, "Unataka kilivyo leo, au kilivyokuwa siku kinapakwa?" Wengi walikuwa hawajui kwamba hayo ni mambo mawili. Alichanganya rangi zote mbili. Mafundi wakampa jina la Mama Jicho, na jina hilo likawa ndilo duka. Ubao wa nje uliandikwa jina la mumewe, lakini mtu akiuliza njia aliambiwa, "Nenda kwa Mama Jicho." Kwa miaka thelathini na miwili hakurudishiwa hata kopo moja.

Kopo lilirudi mwezi Novemba 2008, na wenye kujua wanajua kwa nini haliwezi kurukwa.

Kulikuwa na kazi ya wodi ya wazazi, kijani laini, ndoo nyingi. Marehemu alipata mchanganyo, akaandika vipimo ubaoni kwa chaki, akatengeneza nusu ya kwanza. Kisha akaondoka siku tatu kumwuguza mama yake. Nyuma yake mumewe alipata rangi ya kukolezea ya bei nafuu kwa mchuuzi mmoja, akaitumia kwa nusu iliyobaki, kwa vipimo vile vile vya ubaoni. Mbichi ilifanana. Ilipokauka, nusu ya wodi ilikuwa kijani, na nusu nyingine ilikuwa maji ya dimbwi. Mstari ulipita katikati ya ukuta kama mpaka wa shamba.

Mkandarasi alikuja dukani na mafundi tisa. Marehemu alikuwa amerudi asubuhi hiyo, aproni mwilini.

"Nani kachanganya hii?"

Mumewe akatabasamu lile tabasamu lake la kupunguza bei. "Bwana, tuvumiliane. Mama umri umekwenda. Macho si yale tena."

Alikuwa na miaka hamsini na sita. Alimtazama mumewe, akawatazama mafundi tisa. Angesema ukweli pale, wangeondoka na kazi zao zote, na watoto wawili walikuwa bado shuleni. Akawapisha, akarudi nyuma kwenye ndoo zake.

Nyumbani alimuuliza, "Ulibadilisha kopo?"

"Nilibadilisha. Lakini ningesema nini, mke wangu? Ningesema ni mimi, nani angeniamini tena?"

"Na mimi?"

"Wewe watu wanakupenda. Mtu anayependwa husamehewa."

"Sijakosa, nisamehewe nini? Nenda kawaambie. Mbele ya wale wale."

"Nitakwenda."

Hakuomba kingine kutoka siku hiyo mpaka kufa. Hakutaka kuombwa radhi chumbani. Alitaka wale walioambiwa uongo waambiwe ukweli.

Baada ya hapo mafundi walianza kufungua makopo yao pale pale kaunta, kuhakikisha. Hawakuwa wabaya, mtu hawezi kupaka nyumba ya watu kwa kubahatisha. Fundi mmoja alimletea miwani iliyofungwa kwenye gazeti. "Mama, nimekuokotea macho mengine." Watu wakacheka, mumewe akacheka nao. Mwaka 2011 ikanunuliwa mashine ya kuchanganya rangi. Marehemu akahamishiwa kiti cha mbele, kuuza brashi na karatasi za msasa. Chumba cha nyuma kikawa stoo.

Mumewe hakumnyima kitu. Ni lazima lisemwe, kwa kuwa ni kweli. Alimnunulia jokofu, akamjengea jiko jipya, akampeleka kumwona mtoto wao wa tatu anayeishi mbali. Kila mara marehemu alipokea kwa mikono miwili. "Asante. Na lile?"

"Miaka yote hii, bado tu lile?"

"Halijaoza."

Mwanamume huyu alijua biashara, na alidhani hii nayo ni biashara: ukitajiwa bei, unataja yako, mnakutana katikati. Alitoa jokofu badala ya sentensi moja. Hakutaka kuelewa kwamba kuna bei isiyopungua.

Mwaka 2018 marehemu aligundulika kuwa na kisukari, kikafuatiwa na figo. Kama ilivyo kawaida kwa wagonjwa wa sukari, alipelekwa kwa daktari wa macho. Daktari alimulika, akamulika tena, akauliza, "Mama, nani alikwambia una matatizo ya macho?"

"Mume wangu."

"Mwambie ana wivu. Haya ni macho ya msichana."

Akaomba aandikiwe hivyo. Alirudi na karatasi, akampa mumewe. Mzee akaisoma, akasema, "Tumshukuru Mungu! Umefurahi?"

"Kawasomee."

Hakuwasomea. Lakini alimwuguza, nalo ni lazima lisemwe. Alijifunza kupika uji usio na sukari, akafunga duka siku za kusafisha damu, na lifti ya hospitali ilipoharibika alimbeba mgongoni ghorofa tatu, yeye mwenyewe akiwa na miaka sabini na mmoja. Wauguzi walimsifu. Marehemu alikuwa mgongoni hapo ametulia, hamsifu wala hamlaumu. Alikuwa akingoja.

Mwezi Aprili mwaka huu, mzee aliingia chumbani amevaa koti, uso umemng'aa. "Nimetoka kwa mkandarasi. Nimemwambia kila kitu."

Marehemu aliomba aketishwe. Mdogo wake akampangia mito mgongoni.

"Ulimwambia mbele ya nani?"

"Tulikuwa sebuleni kwake. Mimi na yeye."

"Na yeye atawaambia mafundi?"

Mzee akapangusa kofia yake. "Nilimwomba libaki letu. Mambo ya zamani, mke wangu, ya nini kuyafukua? Si nimesema?"

Marehemu akamtazama muda mrefu, kama alivyokuwa akitazama mbao dirishani. "Nilaze," akamwambia mdogo wake. Hakuuliza tena lile. Huenda alichoka. Huenda alikuwa ameona kitu kikikauka, akajua rangi yake halisi.

Alifariki Jumatano tarehe 8 Juni 2022, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini, miezi miwili na siku tano.

Wasifu huu ulipokuwa ukiandikwa, watoto walitaka aya ya wodi iondolewe, iandikwe kwamba wazazi waliishi kwa upendo miaka arobaini na minane, wakajenga biashara pamoja. Vyote hivyo ni kweli. Kisha baba yao akaja mlangoni.

"Shemeji, hilo liache. Watu wanakuja kuzika, hawaji kusikiliza kesi."

"Basi simama useme wewe. Nitaliondoa."

"Sina sauti."

"Jana kwa fundi jeneza ulikuwa nayo. Ulipunguziwa robo nzima."

Mzee akakaa kwenye kigoda, akalia. Na alilia kweli. Kisha akasema, "Andika. Lakini weka sentensi moja tu."

Akapewa hiyo moja; mengine mliyosikia ni ya mwandishi. Sentensi yenyewe ni hii, na kati ya wale mafundi tisa, watano wapo hapa: Rangi ya wodi iliharibiwa na mume, mke aliichanganya sawasawa, na macho yake hayakuwahi kukosea.

Marehemu ameacha mume, watoto wanne, wajukuu tisa, kaka mmoja na mdogo wake mmoja. Mumewe amekaa mstari wa mbele. Ukurasa huu aliusoma kabla haujachapwa, akauliza kama jina lake ni lazima liwemo. Akajibiwa kwamba halimo. Akashukuru.

Mungu ampe dada yetu pumziko ambalo hakulipata dukani. Alale kwa amani.