Paskazia, Nondo wa Mfranjipani

Ndugu waombolezaji, mnaotoka zamu na mnaoingia, marehemu Paskazia alizaliwa tarehe 2 Machi 2016, hapa Dubai, katika bustani yetu ya vipepeo, kutokana na mayai ya nondo yaliyoletwa kwa ndege toka Brazili, na katika mayai yote aliyeanguliwa ni yeye tu. Mlezi wake, dada Doris, alimpa jina la mama yake mzazi, aliyefariki kwao Muleba, Tanzania, mwezi mmoja kabla, akazikwa Doris akiwa huku, ruhusa ya kusafiri haijatoka.

Elimu aliipatia juu ya mti wetu wa mfranjipani, akiwa kiwavi mweusi mwenye pete za njano na kichwa chekundu, akivua ngozi kila alipopanda darasa, wala hakurudia hata moja, na kwa kula hakuwa na mpinzani, hata arbab wetu, bosi Ghanim, akalalamika kwamba mti umebaki fito, khalas, basi, mdudu atolewe, Doris akamjibu kuwa mtoto hasimangwi chakula.

Tarehe 27 Machi alishuka akajificha kwenye majani makavu, nasi tuliozoea viwavi wa vipepeo wanaoning'inia wakati wa kugeuka tukadhani amekufa, Shakira wa usafi akafagia yote akatia kwenye mfuko wa taka, ikabidi Doris aupekue mpaka akamkuta, kahawia kama tende, lakini akiguswa anatikisa mkia.

Tarehe 17 Aprili alitoka na mabawa ya rangi ya majivu, akaanza kazi ya kuzungukia maua meupe kila magharibi, akinywa asali yake huku anaelea hewani bila kutua, na kuhamisha chavua ua hadi ua.

Ndoa hakujaliwa. Kila jioni alitoa harufu ya kumwita mume, ila wa kabila lake humu hayupo, akataga hivyo hivyo, na Doris akawa anayakagua mayai kila asubuhi, hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia kwamba bila mume hayataanguliwa.

Mwisho wa Aprili mabawa yalichanika, akanyweshwa maji ya sukari kwa pamba, akafariki tarehe 1 Mei mkononi mwa Doris.

Familia inamshukuru daktari wetu wa wadudu Mahfudha, majirani wa banda la ndege, wenzetu wa usafi, Shakira akiwemo, tumekwisha kumsamehe, na arbab Ghanim aliyetupa nafasi hii ya kaburi chini ya mti. Kule Muleba Doris hakuwahi kutia udongo kwenye kaburi la mama yake, kwa hiyo tunaomba wote tusubiri, atangulie yeye, mtoto wa marehemu.

Mama Paskazia, pumzika kwa amani.