Kopo la Mabatini

Kijiwe chetu cha Mabatini kina benchi moja la mbao, birika la Venant muuza kahawa, na kopo la maziwa ya unga linaloning'inia kwenye msumari. Ndani ya kopo ni dawa. Utaratibu tumejitungia wenyewe: ukiumwa unanunua vidonge, ukipata nafuu unaacha kumeza, vilivyobaki unatia koponi vimfae mwenzako. Wiki iliyopita Otuoma, anayepasua samaki kule mwaloni, soko la samaki ziwani, alichomwa mguuni na mwiba wa sangara. Kopo likamhudumia. Leo yuko wodini, mguu umevimba mpaka gotini, na sindano anazochomwa hazifui dafu. Mimi wananiita Digrii, kwa kuwa ninayo, ya biolojia, na haijanipatia hata kazi ya kufuta ubao.

Waziri, fundi viatu asiyejua kusema "sijui", ndiye aliyeanza.

— Dawa za siku hizi chokaa tupu. Zamani unapigwa sindano moja, unarudi nyumbani unakimbia.

— Siyo chokaa, mzee, alisema Chuma, wa bodaboda, amekaa juu ya pikipiki yake. Wadudu wameizoea. Mimi kahawa ya Venant mara ya kwanza ilinidundisha moyo, sasa nainywa nalala.

— Kahawa yangu iache, alisema Venant.

— Mimi nasema wanasoma jina kwenye pakiti, Waziri alikaza. Wakiona nani anakuja, wanajificha.

— Wadudu wanajua kusoma? aliuliza Chuma.

— Kwani Digrii hajui? Imemsaidia nini?

Wakacheka mpaka benchi likalia. Nilimeza kahawa na hasira kwa pamoja.

— Basi usiku wanakutana, alisema Chuma. Aliyepona anawafundisha wenzake namna ya kukwepa.

— Chuma, believe it or not, hapo umekaribia, nilisema. Wapo wanaopeana kinga. Lakini kuzoea, hapana. Sikilizeni, for once! Kwenye kidonda wadudu ni wengi, na wachache wao ni wagumu tangu kuzaliwa. Unameza dawa nusunusu, nani wanakufa kwanza?

— Walegevu, alisema Venant.

— Wanaobaki?

— Wagumu.

— Na wanamzaa nani?

Venant akaacha kusuuza vikombe.

— Wagumu wenzao.

— Hiyo ndiyo resistance, usugu wa dawa. Wengine wanafuga ng'ombe, sisi hapa tunafuga hao.

Waziri akasimama, nyundo mkononi.

— Unalitukana kopo? Lilimponya binti yangu Modesta mafua!

— Mafua yaliondoka yenyewe, mzee. Hizo dawa haziyagusi.

— Tulimpa Otuoma kwa upendo, Digrii. Hana bima yule. Mguu ule ukikatwa, atasimama na nini mwaloni?

— Najua mlimpa kwa upendo. Ndiyo maana sijawatukana.

Hapo akatokea Anyango, mke wa Otuoma, khanga imemlegea, kandambili zimejaa vumbi la kushuka kutoka hospitali. Hajawahi kufika kijiweni kwetu. Chuma akashuka kwenye pikipiki.

— Shikamoo, mzee. Habari zenu, shemeji zangu.

— Marahaba, mama. Mgonjwa?

— Anaungua homa. Daktari anataka kubadilisha dawa. Ameniuliza kitu, nikasema nyie ndio mnajua. Ameshameza dawa gani?

Venant akalitungua kopo, akalimimina kwenye sinia la vikombe. Vya njano, vyeupe, vyekundu kwa vyeusi, vyekundu kwa kijivu. Hakuna pakiti, hakuna jina.

— Nilimpa za njano, alisema Waziri.

— Za njano zipi? nikamwuliza. Hizi ndefu au hizi za mviringo?

Waziri akainama, akavaa miwani, akavua.

— Zilikuwa zinauma mdomoni, alisema Chuma polepole. Alilalamika. Au zile zilikuwa zangu?

Anyango alitutazama mmoja mmoja, akaanza na mimi, kwa sababu Otuoma alishamwambia kijiweni kuna msomi. Nililikodolea sinia macho. Yeye akavirudisha vidonge koponi, kimoja kimoja.

— Nitampelekea daktari hivihivi, alisema. Labda yeye atavitambua.

— Panda, shemeji, alisema Chuma, akapiga kiki.

Waziri, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alisema:

— Sijui.

Kopo lilikuwa likigongagonga mapajani kwa Anyango, tukalitazama mpaka pikipiki ilipokata kona.