Risala ya Maiti wa Mkahawa wa Bahgat kwa Mwandishi Anayewaua

"Mgeni rasmi, Ustadha Nermin Kandil, wewe ambaye kalamu yako imetuzika sote, na bado tumekuja kukupigia makofi..."

Hapo Ami Shalabi alisita. Tangu aanze kuigiza katika tamthilia za Ramadhani hakuwahi kupewa hata neno moja la kusema. Yeye ni maiti. Huuawa mapema, hufunikwa shuka, na wenye majina yao humlilia mpaka Idi. Ndiyo maana wenzake, waigizaji wa ziada wanaongojea kazi kwenye mkahawa wa Bahgat hapo Kairo, walimchagua yeye asome risala. Walitaka walau mara moja ashike karatasi yenye maneno ya kusema. Mkewe, Inshirah, alikuwa amekaa mbele kabisa, mkoba mapajani, kama aliyekuja kuhakikisha.

"Soma, Baba Wafaa," alisema. "Umeshafufuka, unangoja nini?"

KARIBU

Mgeni rasmi, kiti ulichokalia ndicho kiti chetu pekee kizima. Tumemwinua Bi Karima, yule anayelia katika misiba yako yote, na leo anakuangalia kwa jicho la kukilia kiti.

HISTORIA

Umoja wetu ulizaliwa siku mwongozaji mmoja alipotuua katika ugomvi wa wauza samaki, kisha akaenda kula bila kutuambia tuamke. Sisi ni watu wa kazi, tukabaki tumekufa. Jua likatuhama, mate yakatukauka, mpaka mfagiaji akaanza kutusukuma pamoja na magamba. Tulikubaliana palepale chini kwamba maiti bila umoja ni takataka.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, ndugu yetu Hammam amepita njia nyuma ya mapenzi yote makubwa ya nchi hii. Akionekana amebeba tikitimaji, ujue kuna mtu anaachwa.

"Hata mwaka huu nimelibeba," Hammam alidakia kutoka nyuma. "Ila la plastiki."

Bi Karima hulia bila kitunguu. Na Ami Shalabi amekufa kwa sumu, kwa risasi, kwa wivu, na safari moja kwa kuanguka kutoka roshani iliyokuwa ghorofa ya chini. Nzi aliwahi kumtulia puani, akatawadha akamaliza, na marehemu hakupepesa.

Ustadha Nermin alicheka mpaka kikombe cha chai kikamtikisika. Ami Shalabi aliona, akaanza kusoma kwa madaha.

USHAURI WAKO, KAMA TULIVYOUELEWA

Ulipokuja hapa kuzungumza na waandishi chipukizi, ulisema wahusika wako unawapata roshanini unapoanika nguo, majirani wanapogombana nani kamdondoshea nani maji. Uliwaambia wasikilize watu kabla ya kuwaandika. Chipukizi mmoja alikwenda kutega sikio mlangoni kwa jirani, akala kandambili. Akaja kutuuliza kama hiyo nayo ni sehemu ya ubunifu. Tulimwambia ndiyo, tena ndiyo sura ya kwanza.

Ulisema pia kwamba unamwacha kila mhusika aseme mpaka achoke, halafu unakata. "Andika kurasa kumi, futa tisa." Vijana waliandika neno hilo kwa wino mwekundu. Mgeni rasmi, sisi ndio zile tisa.

CHANGAMOTO

Tamthilia za Ramadhani hupigwa picha wakati wa baridi, na maiti wako huoshwa kwa maji ya bomba. Aliye hai akimwagiwa maji yale hupiga yowe. Sisi haturuhusiwi hata kutetemeka. Ami Shalabi kifua chake kimekataa, daktari amemkataza, na mwaka huu anakufa kwa mara ya...

Alinyanyua macho. "Nani kaandika hili?"

"Soma," alisema Hammam. "Maiti habishi."

"Nimekwambia hayo kwa siri, wewe."

"Na mimi nimewaambia kwa siri wote waliomo humu. Soma."

...kwa mara ya mwisho. Mkewe amewaambia majirani wote wa mtaa wa Shubra kwamba mumewe ni msanii. Kila Ramadhani hukusanyika kwake, wakala kunafa yake tamu ya shira, wakaona shuka. Jirani yao, Bi Tafida, husema shuka lolote laweza kuwa mume wa mtu.

Inshirah aliangalia mkoba wake. Ami Shalabi alimwona. Maneno yaliyobaki aliyasoma polepole.

OMBI

Hatuombi hotuba. Tunamwombea Ami Shalabi neno moja, alitamke kwa kinywa chake mwenyewe kabla hajaacha kufa. Hata "naam" inatosha.

Ustadha Nermin hakuwa akicheka tena. Aliweka kikombe chini.

"Ami Shalabi, mwaka huu kuna maiti anaoshwa. Tuseme hakufa. Akifumbua macho, atasema nini?"

Ami Shalabi alikuwa na hotuba. Ameitunga chini ya mashuka miaka nenda miaka rudi. Ina usaliti, ina mkate, ina mama mzazi, na kuna mahali anawasamehe maadui kwa majina. Alikohoa kusafisha koo.

"Haya, tujaribu," alisema Ustadha, akapiga kofi moja.

Hilo lilikuwa kosa. Katika mkahawa ule hakuna anayesikia mlio kama wa ubao unaogongwa kuanzisha upigaji picha akabaki ametulia. Bi Karima aliangua kilio. Bahgat, mwenye mkahawa, alizima redio. Hammam alinyakua sinia la glasi akaanza kupita njia. Na Ami Shalabi mwili wake ulijilaza wenyewe juu ya meza ya domino, macho yamefumba, karatasi kifuani. Hammam, kwa kuipenda mno kazi, alipofika usawa wake alimmiminia glasi ya maji ya barafu usoni.

Hotuba yote ikapotea.

"Maji baridi, jamani," alisema maiti.

Bi Karima alinyamaza katikati ya kwikwi. Ustadha Nermin alikuwa tayari anaandika.

"Hilohilo," alisema. "Usiongeze kitu."

"Lakini Ustadha, nina hotuba nzuri sana, ina mama..."

"Hotuba nimeifuta."

Inshirah alisogea, akawa anamfuta uso kwa ncha ya mtandio wake. "Hayo ndiyo maneno yenyewe? Hayo si ananiambia kila asubuhi bafuni?" Lakini machozi yalimtoka kumzidi hata Bi Karima.

Ami Shalabi alikuwa bado amelala. Aliinua karatasi iliyolowa akasoma mstari wa mwisho:

"Mungu akupe kalamu nyepesi na mkono wa huruma, na kila unayemuua akuombee dua. Ni sisi wako, Umoja wa Maiti, Waliaji na Wapita Njia, Mkahawa wa Bahgat, Kairo."

Kisha akatulia palepale mezani, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aamke.

"Amka, Baba Wafaa," alisema Inshirah, akimshika mkono. "Twende nyumbani. Ila tupitie kwa Bi Tafida kwanza."